Gari au Meli

Julai 2

Naandika kwa sababu maneno yangu yakifika mdomoni huwa yameshachelewa. Shule niliishia darasa la sita, mwandiko ndio huu, atakayeusoma avumilie.

Leo gereji tulikusanywa wote. Kampuni yetu inapeleka wageni kutazama wanyama, na njia ni mbili: magari ya wazi yanayoingia porini, au meli ndogo yenye vyumba inayoshuka na mto mkubwa. Baba ni fundi wa yale magari tangu mimi sijazaliwa. Mimi ni msaidizi wake. Madereva wanamwita Fundi Masikio, kwa sababu gari halitoki getini mpaka alisikilize. Anaegemea boneti, anafumba macho, ananyoosha kidole juu, na hapo hata redio inazimwa. Halafu anataja ugonjwa. Hajawahi kukosea, au akikosea hakuna mwenye ubavu wa kumwambia.

Mama Meneja akasimama juu ya kreti la soda. "Fundi, mwisho wa msimu huu unapumzika. Tunakupa zawadi ya safari ya siku tatu, wewe na mtu wako mmoja. Gari au meli, chagua mwenyewe. Ila iwe kabla ya mvua, mvua zikianza tunafunga."

Madereva wakapiga bodi za magari. "Gari! Gari! Gari!"

Baba akacheka. "Jamani, niacheni nikafikirie."

Hajawahi kumwona tembo. Ukiwaambia watu hawaamini. Wageni wa dunia nzima wamekwenda kwa tembo kwa mikono yake, yeye safari yake ni nyumbani na gereji, gereji na nyumbani.

Julai 3

Jana nimeandika yote nikaacha jambo lenyewe. Baba haoni vizuri, na mimi peke yangu ndiye ninayejua.

Mwezi wa tano nilimpeleka kliniki ya macho. Presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebaki tobo. Anasema ni kama kuchungulia ndani ya bomba la ekzosi. Muuguzi alitupa matone ya asubuhi na jioni, akasema kilichokwenda hakirudi, kilichobaki ndicho cha kulinda, nacho kitakwenda polepole.

Tulipotoka nje Baba alinishika mkono. "Kaka yako asijue. Dada yako asijue. Gereji ndiyo kabisa. Niache nimalize msimu wangu kwa miguu yangu."

Nikaitikia kwa kichwa. Akasubiri. Ndipo akili ikanijia, nikasema, "Ndiyo, Baba."

Gereji hawagundui. Akifumba macho wanadhani anasikiliza. Bolti nazishika mimi, spana zote ziko palepale zilipokuwa miaka yote.

Kwa hiyo hesabu yangu ni rahisi. Aende sasa, tobo lingalipo. Na aende na gari. Gari linamfikia mnyama mpaka unamwona kope. Kutoka kwenye meli tembo yuko ng'ambo huko, kama sisimizi kwenye ukuta.

Julai 6, Jumapili

Wamekuja Kaka na Dada. Kaka anauza makochi karibu na gereji. Dada ni fundi cherehani, na yeye ndiye aliyembandika Kaka jina la Redio, kwa sababu hazimiki. Mama angekuwepo wangeanza kwa adabu. Hayupo, wakaanza tu.

Kaka: "Meli. Hilo halina mjadala. Kwenye meli unalala kitandani, mnyama ndiye anakuja kunywa maji. Kwenye gari unamfukuza wewe, kama vile kakuibia."

Dada: "Meli ikizama?"

"Gari likipinduka?"

"Gari likipinduka unatoka unatembea. Maji utayatembea wewe?"

"Dada, unaogopa hata beseni. Sasa Baba anyimwe raha kwa sababu ya beseni lako?"

Kumbe kila mmoja ameshajiweka kwenye ile nafasi ya pili. Dada anataka gari, na yeye ndani. Kaka anataka meli, na yeye ndani. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

"Baba, wewe unasemaje?" Dada akauliza.

"Nyinyi kubalianeni. Mimi popote."

Wakaendelea mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyeniuliza mimi. Ningesema nini? Nilikuwa na neno moja tu, gari, na kila nilipovuta pumzi Kaka alikuwa ameshaanza sentensi nyingine.

Julai 13, Jumapili

Yaleyale. Beseni limetajwa tena.

Julai 22

Vumbi jingi. Magari yanarudi meupe kama yamepakwa unga. Dereva Mrefu, yule anayeinama kila mlangoni, kaniambia, "Bubu, mwambie mzee asituaibishe. Apande meli, kwani yeye mvuvi?" Wananiita Bubu. Nimezoea. Nilicheka tu, na nikicheka wanaona nimejibu.

Anasema wanyama sasa wamejaa, majani yamekauka, wote wako wazi. "Sasa hivi hata kipofu anawaona."

Nilidondosha spana.

Agosti 3, Jumapili

Kaka kaja na simu yake kutuonyesha picha za meli. Vitanda, mashuka meupe, watu wameshika glasi. Akampa Baba simu. Baba akaisogeza, akaiinamisha, akasema, "Mashallah, nzuri." Simu ilikuwa imeshazima.

Kaka akaipokea, akaona giza, akasema, "Chaji hii nayo." Basi.

Nilimtazama Kaka nikawaza: huyu mtu anaongea na Baba kila wiki na hamwangalii hata mara moja. Anataka mashuka meupe. Anataka kupigwa picha ameshika glasi. Nilikasirika mpaka nikamwaga chai, na nikaitwa mzembe.

Agosti 4

Matone yameongezwa, sasa ni mara tatu.

Agosti 15

Leo nusura.

Gereji yetu ina shimo la kukagulia magari chini. Usiku linafunikwa mbao. Asubuhi hii mtu aliondoa mbao moja akaiegemeza ukutani. Baba akaja na mwendo wake uleule, mikono nyuma, anapita palepale anapopita siku zote. Mimi nilikuwa na tairi. Nililiachia tairi, nikamdaka ukosi wa ovaroli mguu wake mmoja ukiwa umeshaingia hewani. Tukaanguka wote chali.

Madereva kimya. Halafu Dereva Mrefu akasema, "Fundi, leo umeanza mapema kuonja, eh?" Wakacheka, lakini kwa upendo, maana Baba hanywi.

Baba naye akacheka. "Mwacheni mzee ajaribu kuruka."

Walimnyanyua, wakampangusa vumbi, mmoja akamletea kiti, mwingine maji. Akakaa kidogo, akanyanyuka, akasema, "Leteni gari. Sijaja kukaa." Akaegemea boneti akasikiliza, na kidole chake hewani kilikuwa kinatetemeka. Niliona mimi. Sijui nani mwingine aliona.

Jioni nilimwambia, "Baba, chagua. Tafadhali." Hayo ni maneno mengi kwangu.

"Haraka ya nini?"

"Unajua."

Akaniuliza kama nimefunga mlango wa uani.

Agosti 24, Jumapili

Dada kasema Kaka ni mbinafsi tangu alipokuwa ananyonya. Kaka kasema Dada hajawahi kupanda hata bembea. Baba alilala kwenye kiti, au alijifanya.

Mama Meneja ameulizia. Baba kamwambia, "Watoto wanajadiliana." Watoto! Mmoja ana kipara.

Septemba 2

Hamna kitu. Joto.

Septemba 14, Jumapili

Nimefika mahali nikisikia neno meli natoka uani. Nimeanza kuwachukia, niseme ukweli. Wanabishana kama watu wenye kiangazi mfukoni. Mimi kila asubuhi natia tone kwenye lile jicho, naona jinsi linavyonitafuta na kunikosa. Mwezi wa saba lilikuwa linanipata moja kwa moja. Sasa linaanzia sikioni kwangu, linatembea, linafika puani, linatulia. "Ndio wewe," anasema.

Dada leo kaleta mto alioushona wa kukalia garini. Kaka kaukalia yeye.

Septemba 21, Jumapili

Beseni.

Septemba 29

Mawingu ya kwanza, upande wa milimani. Hayakukaa. Baba kamwaga chai mezani, alikosa kikombe. Nilipangusa.

Oktoba 1

Nimefanya jambo.

Mama Meneja alipita gereji, akaniambia mimi, kwa sababu Baba alikuwa chini ya gari, "Zimebaki safari mbili tu. Gari la mwisho na meli ya mwisho, zote zinaondoka Jumatatu ya tarehe kumi na tatu. Nisipopata jibu wiki hii, nafasi nawapa wageni. Mwambie mzee."

Sikumwambia mzee. Saa ya chakula nilikwenda ofisini kwake. Nilisimama mlangoni mpaka akasema, "Wewe ni pazia? Ingia."

Nikaingia. Nikasema, "Baba kachagua gari."

"Hatimaye! Na nani?"

Nikatazama kalamu yake. "Na mimi."

Akaandika. Akatabasamu. "Madereva watafurahi."

Nilitoka miguu haikanyagi chini. Nilijiambia kumwambia uongo mtu mmoja ni bora kuliko kuwasikiliza watu wawili kila Jumapili mpaka mvua inyeshe. Mpaka sasa ninavyoandika bado naona hivyo. Kesho nitamwambia Baba.

Oktoba 2

Sikumwambia.

Oktoba 3

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi Dereva Mrefu aliingia gereji ameinua mikono. "Fundi! Unapanda na mimi! Kiti cha mbele nimekitandikia godoro. Na siyo mimi tu, tumekubaliana madereva wote, hata walio likizo wanakuja. Tunakusindikiza magari yote. Tukifika porini tunakushusha, unaonyeshwa kila mti tuliokwama chini yake ukatuokoa kwa simu. Wewe utakaa tu utupigie kelele: huyo tembo, huyo simba!"

Baba alikuwa anafuta mikono na tambara. "Nani kasema napanda gari?"

"Si mwanao! Kamwambia Mama Meneja."

Baba akageuza uso kunitafuta. Aliangalia tairi lililokuwa pembeni yangu. Alilitazama tairi lile kwa uchungu mpaka mimi nikasogea nikasimama mbele yake, ili angalau uchungu unipate mwenyewe.

"Aa, ndiyo," akawaambia madereva. "Nilikuwa nimesahau."

Njia nzima ya kurudi alinishika bega kama kawaida, kwa sababu hana namna, lakini alinishika kwa vidole viwili tu.

Nyumbani tuliwakuta Kaka na Dada. Habari ilishapita dukani kwa makochi.

Kaka: "Aisee! Bubu kapata sauti! Tumekaa hapa kiangazi kizima kama wajinga, kumbe bwana mdogo ameshajiandikisha yeye. Na nani? Na yeye mwenyewe!"

Dada: "Mimi gari nililitaka, lakini si kwa wizi. Mto nimeshona mimi."

"Simba mwenda kimya, eh? Umekaa kwenye kona yako unatusikiliza, kumbe unapanga. Ulidhani Baba ni wako peke yako kwa sababu unalala naye nyumba moja?"

"Kaka, basi," nikasema.

"Basi nini? Sema! Leo sema! Kwa nini gari? Kwa nini haraka? Kuna nini huko porini kinakimbia?"

Nikasema, "Haoni."

"Nani haoni?"

"Baba. Haoni. Jicho moja limekwisha na la pili linakwisha, na nyinyi kila Jumapili mnaongea beseni!"

Sauti ilitoka kubwa, mpaka jirani alizima redio yake.

Dada alikwenda akapiga magoti mbele ya Baba, akapunga mkono taratibu mbele ya uso wake. Baba alisikia upepo wake. Akaushika ule mkono, akaushusha.

"Nilikuomba kitu kimoja," akasema. Hakuwa anamwambia Dada.

Oktoba 5, Jumapili

Nilidhani nikishasema, mambo yatakwenda mbio. Yamekwenda mbio kweli, kinyumenyume.

Dada hataki tena gari wala meli. Analia, anasema, "Sasa kipofu anapelekwa kutazama nini? Tunamwonea. Apelekwe hospitali kubwa." Nikamweleza ya muuguzi, kwamba kilichokwenda hakirudi. Akasema mimi ni darasa la sita, nisimfundishe. Dada ndiye niliyekuwa namwona mpole. Labda mpole ni yule ambaye hajaogopa bado.

Baba yumo ndani anasikia. Kuta zetu hazizuii kitu.

Kaka hajasema hata neno. Hilo lilinitisha kuliko kilio. Baadaye akaniita uani. Aligeuza ndoo akaikalia.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tano."

"Ukaniacha nampa mzee simu atazame mashuka." Akajipiga paji la uso. "Mimi najijua ni mropokaji. Lakini ungenivuta shati."

Nikamwambia nilidhani anataka meli kwa sababu ya raha zake.

"Raha nazitaka, nitakataa? Lakini hujui mzee anavyoamka usiku kwenda haja? Wewe hujui, wewe ukilala ni gogo. Mimi nililala naye chumba kimoja Mama alipofariki. Huko porini wanalala kwenye mahema. Atoke nje gizani mara tatu, na wale wanyama? Meli ina choo chumbani. Sasa hilo ningelisemaje mbele ya Dada, na Baba amekaa pale? Nikabaki kupiga kelele za mashuka."

Tulikaa. Kuku wa jirani alikuwa anachakura karibu na miguu yetu. Kumbe na yeye alikuwa na la kuficha, ila yeye alilifichia ndani ya kelele na mimi nililifichia ndani ya kimya.

Lakini bado niliona gari ni bora. Choo ningempeleka mimi.

Oktoba 7

Wote tulikuwepo asubuhi, Dada alilala hapa. Baba aliweka kikombe chini kwa kukipapasia mahali, mbele yetu, hakuficha tena.

"Nakwenda," akasema. "Anayetaka hospitali atanipeleka nikirudi. Nakwenda na meli. Na kaka yenu."

Dada akasema, "Baba..."

"Nimesema."

Nikasubiri aseme kingine, hata jina langu tu. Akaomba sukari.

Nilikwenda kazini peke yangu. Nikapita tena ofisini kwa Mama Meneja, nikasema kilichobadilika. Akanitazama juu ya miwani. "Nyumbani kwenu kuna amani kweli?" Madereva ndio walinimaliza. Dereva Mrefu alikuwa anakunja godoro. "Bubu, umetupokonya mzee wetu. Hata kama hataki, ungemsemea." Kama vile kusema ndiyo kazi yangu.

Oktoba 12, Jumapili

Nimemfundisha Kaka kutia matone. La kwanza liliingia puani, la pili kwenye sharubu. Baba alikuwa anacheka. "Taratibu, huo si mtungi." Mimi sikucheka. Mwezi wa tano mpaka leo sijawahi kudondosha hata tone moja nje.

Oktoba 13

Wameondoka. Kaka alikuwa anaongea mpaka gari lililowapeleka bandarini limekata kona.

Oktoba 14

Mvua. Ya kweli, si ya mchezo. Nawaza huko mtoni wingu limeshuka mpaka majini na hata mwenye macho mawili haoni ng'ambo. Kiangazi kizima kilikuwa wazi. Kiangazi kizima!

Oktoba 15

Mvua. Gari la mwisho limekwama porini, kumbe hata sisi tungekwama. Dereva Mrefu kapiga simu anataka Fundi asikilize injini kwenye simu. Nikamwambia Fundi hayupo. "Basi sikiliza wewe." Nilisikiliza. Niliambulia mvua tu.

Oktoba 16

Wamerudi.

Nyumba ilijaa, Dada na majirani. Baba alikaa kwenye kiti chake, akasimulia. Sijawahi kumsikia akisimulia hivyo. Mvua ilikatika asubuhi ya pili, akasema, na tembo wakashuka kunywa, kundi zima, na mtoto wa mwisho akateleza kwenye tope la ukingoni akashuka kwa makalio mpaka majini. Mama yake akamsukuma kwa kichwa, akateleza tena, akamsukuma tena, mpaka shangazi wa tatu akaja kusaidia huku amekasirika. Na kiboko alipiga miayo kama boneti limeachwa wazi. Na ndege mweupe alikaa juu ya kiboko, mguu mmoja, kama karani anasubiri saa ya kutoka.

Watu walicheka, Dada alilia tena, sasa kwa furaha. "Umewaona, Baba! Umewaona!"

"Nimewaona," akasema.

Kaka alikuwa pembeni, kanyamaza. Nilimuuliza habari, akaonyesha koo. Hana sauti. Nilidhani ni mafua ya mvua.

Mimi nilikuwa natazama lile jicho. Lilikuwa linacheka na watu lakini halimpati hata mmoja. Mtoto wa tembo, tope, ndege wa mguu mmoja, kwa tobo lile? Nilirudi kwenye kona yangu nimekasirika upya, sasa sijui nimkasirikie nani.

Oktoba 17

Asubuhi, wakati wa matone, nilimuuliza. "Baba, kweli uliwaona?"

Nilitia tone. Akafumba, akasubiri lizame.

"Niliona mwanga wa maji. Unang'aa, halafu unazima, halafu unang'aa. Kingine chote ni kaka yako."

"Kaka?"

"Tangu kunapambazuka mpaka kunaingia giza, siku tatu. Amesimama nyuma yangu, mdomo kwenye sikio. Anasema: tembo yupo kulia, anatikisa masikio, sasa anageuka, sasa huyu wa pili kamkanyaga wa kwanza. Hata wageni walisogeza viti kuja kusikiliza, na lugha hawaijui. Siku ya mwisho sauti ilikwisha akawa ananong'ona. Nusu nadhani alitunga. Yule shangazi aliyekasirika, nani alimwambia ni shangazi?" Akacheka peke yake. "Lakini niliwaona, mwanangu. Usidhani nilidanganya watu."

Nikafunga kichupa. Nikafungua, nikafunga tena. Sijawahi kumuuliza Baba swali kama hili na sijui lilitokaje.

"Kwa nini si mimi? Na kwa nini si gari?"

Akajipangusa jicho kwa kidole.

"Gari," akasema, "wale madereva ni vijana wangu. Nimewapigia kelele tangu hawajaota ndevu. Ulitaka wanione nashikwa mkono kushuka? Wananiambia tembo yule pale, na mimi natazama mti? Wangenyamaza wote. Umeshasikia gereji ikinyamaza kwa huruma? Mimi nimeisikia, siku ile ya shimo. Nimesikiliza injini miaka yote hii, kimya kile ndicho kibaya kuliko vyote. Kwenye meli hakuna anayenijua."

Sikuwa nimeliona hilo. Mimi ninayejidai naona.

"Na wewe," akasema. "Wewe ukiona kitu unakaa nacho. Ningekuuliza kila dakika: vipi sasa, kuna nini sasa? Kaka yako hata ukimwomba anyamaze, hanyamazi." Akanipapasa mpaka akapata kichwa changu, akakigonga kidogo kama anavyogonga boneti. "Gereji ulinitosha. Kule nisingekuwa na spana ya kukuomba."

Iliniuma. Inauma hata sasa. Lakini nimeitafuta sehemu yenye uongo ndani yake sijaipata.

Oktoba 20

Siku ya kwanza kazini tangu Baba apumzike rasmi. Gari la mwisho lilivutwa likaletwa. Dereva Mrefu aliwasha injini, halafu wote wakanitazama mimi. Nilifumba macho kwa sababu ya aibu tu. Nikasema ni bomba la mafuta. Kumbe ilikuwa pampu. Wakacheka, nami nikacheka, tukafungua, tukatengeneza mpaka mchana.

Jioni nilimkuta Baba barazani, mvua inanyesha, amekunja miguu isilowe.

"Ya leo?"

"Magari yamerudi."

"Yakoje?"

"Machafu."

"Hilo hata kipofu analijua. Endelea."

Nilivuta kigoda. Nikafikiri nianze na lipi. Nikaanza na lile lililovutwa, kwamba tope lilifika mpaka kwenye taa, na taa ya kushoto ilikuwa imepasuka, na ndani ya taa kulikuwa na chura. Akageuza sikio. "Chura mkubwa au mdogo?" Nikamwambia mdogo, wa kijani, na koo lake lilikuwa linapanda na kushuka, na Dereva Mrefu alimwogopa.